Nafasi ya Inchi Hamsini

Ukuta wa Nangomwa ulikuwa umelewa.
Nilishusha timazi, uzi ukasimama wima,
ukuta ukabaki nyuma vidole viwili
kama mtu anayetoka kwenye uraka
na anajikaza asigundulike.
"Nani alikujengea?"
"Shemeji," akasema.
Mkewe akakohoa jikoni,
nikaelewa hapo pasichimbwe zaidi.

Walitaka kabati la kuzama ukutani,
siyo la kusogezwasogezwa wageni wakija,
siyo meza ya kufunikwa kitambaa cha kufuma.
Mninga kwa mbele, mwembe kwa ndani.
Somoe alichora kwa mkaa sakafuni:
juu king'amuzi, pembeni redio,
sabufa chini, ingurume karibu na miguu,
na katikati, fundi, hapa katikati,
inchi hamsini.

Nikawaeleza: inchi za runinga ni za mshazari,
kona ya chini huku, kona ya juu kule;
upana wenyewe haufiki arobaini na tano.
Nangomwa akajiona amepunjwa kabla hajanunua.
"Niwekee hamsini kamili," akasema.
"Zitakazobaki ni za heshima."

Nikaranda siku nne.
Esha, miaka saba, aliokota maranda
akayaning'iniza masikioni, hereni za mninga.
Nikabomoa tofali, nikaingiza fremu,
nikaziba uongo wa ukuta kwa kabari,
nyembamba huku, nene kule,
mpaka tone la pimamaji likatulia.
Ukuta ulikuwa bado umelewa,
ila sasa umevaa koti.

Malipo: nusu mkononi, nusu mnadani.
Hiyo ya mnadani ndiyo iliyonirudisha Januari.
Bei niliijua. Tandahimba nzima iliijua,
ilitajwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa.
Njiani nilijipangia maneno,
ya kwanza makali,
ya akiba makali zaidi.

Nikapiga hodi. Runinga hapakuwa.
Palikuwa na Esha ndani ya inchi hamsini,
amekunja miguu, kanga ya mama begani,
mwiko mdomoni,
na watoto wa jirani wamejaa mkekani,
hakuna anayepepesa.

"Hii ni taarifa ya habari.
Kuku wa bibi ametaga chini ya kitanda.
Mjomba amekuja kuazima koleo,
la mwaka jana hajarudisha.
Korosho zimeshuka bei, na baba
amesema asiulizwe na mtu."
Akaniona mlangoni. Hakusita.
"Habari zilizotufikia hivi punde:
fundi amekuja kudai."

Nangomwa alitoka chumbani anatazama vidole vyake vya miguu.
Somoe akanisogezea kigoda.
Yale maneno makali, yote mawili,
yakakosa pa kukaa.
Nikakaa mimi.

Ilipofika zamu ya michezo
(Madukani mawili, Mjimwema bila,
goli moja la mkono, refa alikuwa anakunywa maji)
ndipo nikaliona.
Rafu ya juu, ya king'amuzi, nzima kama siku niliyoiranda.
Sikutoboa tundu la waya.
Siku nne za kusifiwa kwa msasa na vanishi,
na runinga ingekuja isingewaka.
Nangomwa ana deni langu,
na mimi nina lake, la ukubwa wa kidole gumba.

Sikusema kitu. Nikafungua mfuko,
nikatoa keekee, nikaegemea rafu.
Mninga ukalia, unga wake mwekundu
ukamwagikia kichwani kwa msomaji,
kwenye kope, kwenye kanga, kwenye mwiko.

Alipiga chafya mara mbili.
Akajifuta, akanyoosha shingo,
akawatazama watazamaji wake mmoja mmoja.
"Tunaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo," akasema.
"Msiondoke."